Pua ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Shajara mpya! Nimeitoa stoo ya ofisi. Fomu ya kuombea nimeijaza mwenyewe, na kwenye nafasi ya mwidhinishaji nimesaini mwenyewe. Mtu anayekaribia kupanda cheo lazima aweke kumbukumbu.

Maana leo kikaoni Mkuu wa Kituo katangaza kwamba nafasi ya Msimamizi wa Moshi itajazwa wiki ijayo. Nilipaliwa na chai. Miaka kumi na mmoja nimekuwa Msaidizi wa Upepo. Kazi yangu ni kupanda mnara, kuinua kipima upepo juu ya kichwa na kutaja namba kwa sauti. Pia nabeba simu ya malalamiko. Simu kongwe, nzito, inavuta mfuko wa suruali upande mmoja mpaka watu wananiuliza kama mguu unauma.

Niandike kwa faida ya wajukuu watakaosoma. Kila mwaka, kabla upepo wa kiangazi haujaanza, sisi watu wa msitu tunauchoma msitu wetu wenyewe. Kwa mpango, kitalu kwa kitalu, majani makavu ya chini tu, ili moto mkubwa ukija ukose cha kula. Kuwasha si kazi, hata mjinga anawasha. Kazi ni moshi. Moshi ukishuka mjini, wenye pumu wanalazwa. Msimamizi wa Moshi ndiye anayeamua moto uwashwe siku gani, saa ngapi, na upepo ukitoka wapi. Ana ofisi yenye mlango. Meza yangu mimi iko kwenye korido, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Kila mwenye kiu lazima anilowanishe.

Kimebaki Kitalu cha Saba tu, kile kilicho juu ya mtaa wetu. Mwisho wa kuchoma ni Jumamosi hii. Mkuu kasema kwa kuwa mimi ni mkongwe, moto huo nitauongoza mimi. Ukipita bila lalamiko hata moja, cheo ni changu. Likija hata moja, cheo anapewa Vipimo.

Vipimo ni yule dada wa mashine. Ana kisanduku juu ya paa la zahanati, kinahesabu chembe za moshi hewani. Anakifuta kwa kitambaa laini kama anaogesha kichanga. Kaja kituoni juzi tu, hana hata miaka mitatu.

Nimefungua kitabu cha malalamiko cha mwaka jana. Manne! Matatu yametoka namba moja. Namba hiyo naijua kwa moyo, ndiyo inayonipigia kila jioni nirudi na mkate. La nne limetoka kwenye simu ya jirani, lakini maneno ni yale yale.

Mama mkwe.

Jumanne, 5 Mei

Alikuja kwa wiki moja, kuwasalimia pacha wetu. Hiyo ilikuwa Januari ya mwaka jana. Pacha wakaenda shule ya bweni. Wiki haijaisha.

Anakaa kwenye kiti changu, kile cha dirishani kinachotazama msitu. Siwezi kusema kitu, mkwe ni mkwe. Ana pumu, na ana pua. Pua ile! Akiwa pale pale kitini anajua maharage ya nyumba ya tatu yanakaribia kuungua, na anatuma mtu akawaambie. Wiki iliyopita aliniuliza kwa upole kama nimebadilisha sabuni ya kunyolea. Sikuwa nimebadilisha. Nilikuwa nimepita karibu na aliyebadilisha.

Mpango ni rahisi. Jumamosi mama mkwe asiwepo mtaani. Asipokuwepo, hakuna lalamiko.

Asubuhi nikampigia shemeji, kaka wa mke wangu, anayetengeneza meno ya bandia mji wa mbali, mwendo wa saa sita. Nikamwomba amwalike mama yake. Akacheka muda mrefu kidogo. Kisha akasema simu inakatakata. Haikuwa inakatakata, nilisikia vizuri kabisa akimwambia mtu kwamba shemeji yake kachanganyikiwa.

Nikaamua kumwalika kwa niaba yake. Wakati wa chakula cha mchana nikamwambia mama mkwe kwamba mwanawe anamkumbuka sana. Hali chakula. Amekonda. Mama mkwe akaweka kijiko chini, akampigia pale pale, akaweka sauti kubwa ili tusikie wote. Mwanawe akapokea huku akitafuna. Tukamsikiliza akitafuna. Akaomba radhi, akasema ni nyama, tena sahani ya pili.

Mama mkwe akanishukuru kwa kuwa na huruma. Mke wangu, Mama Pacha, hakuhangaika na simu. Alinitazama tu.

Mchana Vipimo alipita kwenye meza yangu, akanywa maji, akanimwagia. Akaniambia kwa heshima kwamba wiki hii hewa ya baridi inalala bondeni kila alfajiri kama kifuniko cha sufuria, na moshi hauwezi kukipasua. Nisiwashe kabla ya saa nne, jua likishapasha ardhi. Nikamjibu kwamba nilikuwa nanusa moshi wakati yeye ananusa chaki ya chekechea. Jibu zuri. Nililifikiria tangu Jumapili, nikingoja pa kuliweka.

Jumatano, 6 Mei

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama!

Kuna Orodha ya Vifua. Ni utaratibu wa kituo. Kila mwenye pumu au kifua dhaifu kwenye mitaa iliyo chini ya kitalu anaandikwa. Siku moja kabla ya moto, gari letu linawachukua pamoja na muuguzi, wanalala kwenye nyumba ya wageni ya msitu, upande wa pili wa kilima, kule ambako upepo wa mchana unatokea. Moto ukiisha wanarudishwa. Bure, na kifungua kinywa juu yetu. Mwaka jana mama mkwe alikataa kuandikwa. Alisema yeye si mgonjwa, yeye ana pumu.

Leo nimemwandika. Namba ishirini. Kwenye nafasi ya saini nimechora kitu kama kuku aliyekanyaga wino, kwa sababu hivyo ndivyo anavyosaini.

Kilichobaki ni kumwambia. Nitamwambia Ijumaa, gari likiwa mlangoni. Mwenye pumu hapaswi kupewa muda wa kufikiri.

Alhamisi, 7 Mei

Kumbe Vipimo huwapigia simu wote walioandikwa, mmoja mmoja, kuwauliza dawa wanazotumia. Hakuna aliyeniambia! Yaani, iko kwenye mwongozo ukurasa wa pili, lakini hakuna aliyeniambia.

Amempigia mama mkwe saa mbili asubuhi. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe, nikaanza kutafuta viatu. Mama mkwe akasikiliza, akauliza kama mashuka yanabadilishwa kila siku, akauliza kama kuna mwonekano wa mto. Akakata simu. Akaniambia mwanangu, kumbe umeniandika kimya kimya ili nisisumbuke. Una moyo. Nikasema ndiyo, nina moyo.

Ushindi! Nilikwenda kazini nikipiga mluzi.

Saa nane mchana mluzi ukanikauka. Mama mkwe ni mwenyekiti wa kikundi cha kushona cha mtaa. Kumbe amewasimulia. Mashuka, mto, kifungua kinywa. Wanachama wote kumi na watatu wamegundua kwamba vifua vyao si vizima. Walikuja kituoni pamoja, wakapanga foleni kwenye korido mbele ya meza yangu, kila mmoja akakohoa kwa namna yake. Mmoja alikohoa huku ameshika kiuno.

Orodha imefika watu thelathini na watatu. Vitanda ni thelathini. Na sheria ya Mkuu haina mjadala. Mwenye kifua dhaifu hata mmoja akikosa kitanda, moto hauwashwi. Moto usipowashwa kufikia Jumamosi, Kitalu cha Saba kinabaki na majani yake makavu kiangazi kizima, juu ya vichwa vyetu. Na mimi nabaki na mtungi wangu.

Mkuu aliniita, akaniuliza orodha imevimbaje. Nikasema ni mwamko wa wananchi.

Nilisimama pembeni nikiwa nimekasirika sana, nikifikiria suluhisho. Nikiwa bado nimekasirika, Vipimo akaenda zahanati, akarudi na muuguzi na kibomba cha kupulizia kinachopima nguvu ya pumzi. Kila mtu akapuliza. Wanane wakaonekana wana vifua vya kupiga tarumbeta, wakarudi nyumbani wamenuna. Aliyeshika kiuno akaambiwa ana kiuno. Watu ishirini na watano. Vitanda vinatosha.

Mkuu akauliza hilo wazo la kupima limetoka kwa nani. Nikakohoa. Kukohoa si kusema uongo.

Ijumaa, 8 Mei

Watu wa orodha wameondoka saa kumi jioni. Mama mkwe alikaa mbele, karibu na dereva, akamwambia gari lake linanuka mkanda unaotaka kukatika. Dereva akafungua, akakuta kweli. Alibeba mto wake wa kulalia, kidawa chake cha kuvuta, na sufuria yake mwenyewe kwa sababu hawaamini watu wanaopikia umma.

Nimekaa kwenye kiti changu! Ee, raha. Nimekaa nikainuka, nikakaa tena. Kimechukua umbo lake lakini tutazoeana upya. Mama Pacha kasema nimekaa kama mtu aliyeiba kiti. Nikamwambia Jumatatu saa kama hizi atakuwa mke wa Msimamizi. Akaniuliza kama nimehakikisha nyumba ile ya wageni iko salama. Nikamwambia iko upande upepo unakotokea, moshi haurudi ulikotoka upepo. Hata mtoto anajua.

Kukaa kwenye kiti kunafungua akili. Nimewaza hivi. Mama mkwe hayupo, sawa, lakini mtaa mzima upo. Saa nne asubuhi watu wako macho, nguo zimeanikwa, madirisha wazi. Atakosekana mtu mmoja wa kulalamika? Lakini alfajiri watu wamelala. Na aliyelala hanusi.

Tena alfajiri hakuna upepo kabisa. Nimetoka nje siku tatu mfululizo saa kumi na mbili na nusu, kipima upepo kinasoma sifuri. Bila upepo moshi utakwenda wapi? Juu tu. Ikifika saa nne, kitalu kimeshaungua, mji umeamka, hewa safi, kitabu cheupe. Vipimo atabaki anafuta kisanduku chake.

Yeye na vifuniko vya sufuria vyake! Mimi nina miaka kumi na mmoja ya upepo.

Jumamosi, 9 Mei

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa Kitalu cha Saba na wachomaji tisa. Nyapara wao, tunayemwita Polepole, akaniuliza kama Mkuu anajua tunawasha saa hizi. Nikasema Mkuu ananiamini. Polepole akasema hakuuliza hilo.

Utaratibu ni kuwasha kwanza moto wa majaribio, kama ukubwa wa chumba, ukaangalia moshi unaelekea wapi. Mimi nilikuwa na haraka. Nikawasha majaribio ya ukubwa wa uwanja wa mpira, kasoro magoli.

Moshi ukapanda vizuri! Mweupe, umenyooka. Nikapiga makofi. Ulipofika kimo cha miti kama mitatu, ukasimama. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ukasimama kana kwamba juu kuna dari. Ukatandaa pembeni, ukazidi kutandaa, kisha ukaanza kushuka. Kipima upepo sifuri, na moshi unatembea! Haukwenda mjini. Ulipita kwenye bonde dogo la nyuma, ukafuata njia ya kijito taratibu kama maji, kwa sababu hewa ya baridi alfajiri ndivyo inavyofanya, inateremka, na moshi unaiparamia mgongoni. Ukurasa wa nne wa mwongozo. Polepole alinisomea baadaye.

Na kijito kile kinaishia wapi? Nyumba ya wageni. Watu ishirini na watano wenye vifua vibovu, wamelala, nimewapeleka mimi.

Nikapiga kelele wazime. Nikaanza kukimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Mwaka jana nilimwona mama mkwe usiku wa moshi, ameshika mlango wa korido kwa mikono miwili, anaitafuta pumzi kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nilikuwa nimelisahau hilo. Leo lilinirudia lote, nikaogopa vibaya sana. Sikukumbuka cheo wala mlango wa ofisi. Nilikuwa nasema Mungu wangu, Mungu wangu, na mfuko wa suruali unanipiga pajani.

Mfuko ukaita. Simu ya malalamiko.

Sijui kwa nini, nikabana pua na kusema kwa sauti nyembamba kwamba hii ni Ofisi ya Malalamiko ya Moshi, asubuhi njema.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "achia pua utaishiwa pumzi. Zima moto wako. Sisi tuko juu ya jabali, wote ishirini na watano, nimewahesabu mara mbili."

Nikakaa chini kwenye majani yenye umande, nikalia kidogo. Kidogo tu.

Kumbe aliunusa moshi kabla haujafika. Aliamka, akavuta hewa mara moja, akachukua sufuria yake na mwiko, akapita mlango kwa mlango akigonga. Muuguzi akabeba dawa. Wakapanda njia ya jabali lililo nyuma ya nyumba, wakakaa juu kwenye hewa safi, wakautazama moshi ukijaza bonde chini yao mpaka madirishani. Hakuna aliyehitaji hata dawa ya ziada.

Nilipomaliza kulia nikamshukuru. Kisha, na hili nalikiri kwa sababu shajara ni siri, nikamuuliza kama simu hii ni lalamiko au ni habari tu.

"Andika lalamiko," akasema. "Ukimaliza langu usikate, hawa wenzangu nao wamejipanga."

Wakapokezana simu. Mmoja baada ya mwingine, jina, mtaa, maelezo. Niliyaandika kwa mkono wangu nikiwa nimekaa kwenye umande. Mwaka jana manne kwa msimu mzima. Leo ishirini na matano kabla ya kifungua kinywa, na la ishirini na sita kutoka kwa muuguzi.

Mkuu na Vipimo walifika saa mbili. Mkuu alinipita, akaenda kutazama bonde. Angefoka ningejua pa kujiweka. Vipimo naye hakusema nilikuambia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mimi ningesema.

Vipimo aliamuru tungoje. Saa nne na nusu ukungu wa bondeni ukaanza kupasuka wenyewe, jua likaingia. Akarusha puto jekundu, tukaliona likipanda bila kusimama, kisha likachukuliwa na upepo wa juu. Ndipo akawasha. Moshi ukapanda ukapita ile dari ya asubuhi kana kwamba haikuwahi kuwepo, ukainama juu kabisa ya mji, ukaenda zake. Chini mtaani watu wanaanika nguo. Kisanduku cha zahanati kimeandika namba za siku ya kawaida. Kitalu cha Saba kimeungua safi kufikia saa tisa.

Mimi nilipewa kazi ya kushika kamba ya puto la pili. Nililiachia.

Jumapili, 10 Mei

Amerudi, amekaa kwenye kiti.

Mama Pacha hakunigombeza. Alisema tu, yule ni mama yangu. Halafu akaenda kuosha vyombo. Sikuweza kula. Sahani ya pili niliiacha nusu.

Jioni mama mkwe akaniita nimletee mtandio. Nikampa kwa mikono miwili, nikaomba radhi. Akasema hana kinyongo. Akaniuliza kama najua kwa nini alipiga simu zile zote mwaka jana. Nikasema kwa sababu ya moshi. Akasema moshi ndiyo, lakini mtaa huu una watu wengi wanaokohoa kimya, wanaogopa ofisi. Yeye haogopi ofisi, kwa kuwa ofisi inaishi naye na anaifulia soksi. Nisipokupigia wewe mwanangu, nimpigie nani?

Nilitaka kulia tena. Kisha nikaona miguu yake iko juu ya stuli yangu pia, machozi yakarudi yalikotoka.

Jumatatu, 11 Mei

Kikao. Vipimo ndiye Msimamizi wa Moshi. Amepewa ofisi, ameufungua mlango na kuufunga mara mbili, nimesikia kutoka korido. Mlango una sauti nzuri sana.

Mimi nilijiandaa kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaweka kikombe changu kwenye mfuko. Kumbe jana mchana, nikiwa nimejificha bafuni, Mkuu alikuja nyumbani kumwomba radhi mama mkwe, na mama mkwe akamwomba asinifukuze. Alimwambia huyu akikaa nyumbani kutwa, mimi ndiye nitakayeugua.

Si hilo tu. Vipimo amelinganisha saa. Siku ile alikuwa ameweka kisanduku cha pili kwenye nyumba ya wageni. Kisanduku kiliona moshi saa moja na dakika tano. Mama mkwe alianza kugonga sufuria saa moja kasoro robo. Dakika ishirini mbele ya mashine! Vipimo hakununa, alifurahi. Kaandika pendekezo na Mkuu kalipitisha. Kuanzia leo kituo kina cheo kipya, Mnusaji wa Mtaa. Mama mkwe atatoa taarifa ya hewa kila asubuhi, na asipoipenda hewa, hakuna moto.

Kituo chake cha kazi ni kiti changu. Imeandikwa kwenye barua, kiti cha dirishani. Fundi alikuja saa tisa akapigilia kibao ukutani juu yake. Na lazima aishi papo hapo, muda usio na kikomo.

Mimi nabaki na upepo na simu. Nimeongezewa jukumu. Kila siku saa moja asubuhi nitampelekea Mnusaji chai na daftari. Mkuu kasema nikikaa miezi mitatu bila lalamiko hata moja linalonihusu, atanihamishia meza ndani, mbali na mtungi. Miezi mitatu! Hiyo naipita nimefumba macho.

Jumatano, 13 Mei

Siku mbili safi. Nimekuwa mtu mwingine. Nawaza kabla ya kutenda.

Jana nikiwaza, nikasoma ubao wa matangazo. Kituo cha msitu cha mbali, saa nne kwa lori, nacho kimesikia habari na kinatafuta Mnusaji mwenye uzoefu. Kuna nyumba na kiti. Kiti cha kunesa! Ni heshima kubwa kwa mama mkwe, ila kwa unyenyekevu wake hawezi kuomba mwenyewe. Kwa hiyo leo nimeamka saa kumi na mbili, nimemwandikia barua ya maombi. Nimemsifia bila kutia chumvi. Saini ya kwanza ilitoka vibaya, ilionekana kuku ana miguu mitatu. Nakala ya pili ni safi, iko kwenye bahasha.

Nakala ya kwanza siwezi kuitupa kwenye pipa, Mama Pacha hupekua. Nimetoka nayo nyuma ya nyumba na beseni la bati na kiberiti. Naandika haya nikiwa nimechuchumaa hapa hapa. Saa kumi na mbili na nusu. Baridi tulivu, hakuna jani linalotikisika. Nimelowesha kidole nikakiinua. Upepo sifuri. Mtaa mzima umelala, na aliyelala hanusi.

Inawaka vizuri. Kamoshi kadogo, keupe, kamenyooka juu. Kamefika usawa wa paa.

Kamesimama.

Kanatandaa kidogo. Kanageuka upande wa dirisha la Mnusaji. Si kitu, karatasi moja tu hii, tena nyembamba.

Mfuko unaita.